Ufunguo wa Yaya Kavira

Tulimzika Afande Bwambale huko Munkunyu, pembeni mwa shamba lake la kahawa, siku ambayo mvua ilitishia tangu asubuhi na mwishowe ikatuacha. Nilikuwa karibu na jiko la nje, nikiwasaidia wanawake kupakua maharage, nilipomwona mwanamke mrefu mwenye mvi akishuka kwenye bodaboda. Alijitengeneza kitambaa kichwani, akasimama miguu pamoja, mkoba ameushika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akawa anawatazama watu bila haraka. Uso ulikuwa umebadilika, lakini kule kusimama nilikujua. Alikuwa Yaya Kavira, ametoka Butembo huko Kongo, amelala Kasindi kwa shemeji yake, akavuka Mpondwe mara mpaka ulipofunguliwa. Tulikumbatiana upawa ukiwa bado mkononi mwangu. Baadaye mpwa wa marehemu, kijana mwenye adabu, alimuuliza amemjuaje mjomba wake hata asafiri njia yote ile. Kavira akamjibu, "Tulitumika naye mwaka moja, pale Kasese." Kwao kutumika ni kufanya kazi. Kijana akaitikia, akaenda kupokea wageni wengine. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilinisumbua njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa sababu nimefanya kazi miaka mingi na watu wengi, na ni mwaka huo mmoja tu ninaoukumbuka chumba kwa chumba, sahani kwa sahani.

Nilikuwa nimetoka chuoni, nina cheti cha kompyuta na jozi moja ya viatu vinavyofaa ofisini. Shirika lililonichukua lilikuwa dogo. Lilisaidia vituo vinne vya afya, Hima, Ibanda, Munkunyu na Bwera, kutunza kumbukumbu za wagonjwa wanaomeza dawa kwa muda mrefu, hasa wa kifua kikuu. Ofisi yetu pale Kasese ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mabati na misumari. Joto la mchana lilishuka kutoka darini likakaa nasi mezani. Dirisha moja lilitazama milima, la pili lilitazama barabara, ambako malori ya saruji yalipita yakituachia vumbi la kijivu kwenye vioo vya kompyuta, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupangusa. Upande wa tatu hatukuwa na ukuta wa kweli. Zilikuwepo mbao nyembamba tu zilizotutenganisha na saluni, na kwa hiyo mambo ya nusu ya mji tuliyasikia tukiwa tumekaa. "Mimi sisemi ni mubaya," mwanamke mmoja alisema siku moja, kikaushio cha nywele kikivuma, "nasema tu, mwanaume akinyamaza wiki nzima, unaanza kuongea na kuku." Wenzake walicheka mpaka mbao zikatikisika. Afande akakohoa kwa nguvu. Wakashusha sauti, kisha wakaendelea palepale walipoachia.

Afande ndiye aliyekuwa mkubwa wa ofisi. Alikuwa amestaafu jeshini, upande wa mawasiliano ya redio, na cheo kilikuwa kimemgandia kama jina. Hata mke wake alimwita Afande. Aliingia asubuhi akisema "Ripoti!" kabla ya salamu, na nikianza kueleza kwa urefu alinikata: "Fupi! Mashine inafanya kazi ama haifanyi?" Mara nyingi haikuwa inafanya. Kila kompyuta ya kituo ilikuwa imewekewa mfumo na mtu tofauti kwa namna yake, na ikiharibika ilibidi nipande bodaboda niifuate ilipo, niketi mbele yake nusu siku nikijibu maswali yake. Neno la siri lilikuwa moja kwa vituo vyote. Hima walikuwa wameliandika kwa kalamu nene kwenye mlango wa kabati ili lisipotee. Ibanda, mtu tusiyemjua aliingia akajaza miziki mpaka majina ya wagonjwa yakakosa nafasi.

Kavira alikuja kwetu akitokea Bwera, alikokuwa amekaa kwa katekista mmoja tangu avuke mpaka. Kwao Butembo alikuwa akitunza mashine za kituo cha redio. Alikuwa na kompyuta ndogo ambayo kifuniko chake kilishikiliwa na mpira wa baiskeli, gauni mbili alizozifua kwa zamu, na rozari. Afande alimuuliza anaweza kufanya nini, naye akaomba kwanza aonyeshwe kinachotusumbua. Nilimpeleka Hima. Alisimama mbele ya lile kabati, akalisoma neno letu la siri kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mudogo yangu," akasema, "hii haiko siri tena. Hii ni tangazo." Tangu siku hiyo mimi nilikuwa mudogo wake, na yeye akawa Yaya, dada mkubwa. Jina langu, Masika, wanalo hata kwao. Mzaliwa wa kwanza wa kike ni Masika huku na ni Masika kule, na lugha ya mama zetu ilitofautiana kidogo tu, kama vile wapishi wawili wanavyotofautiana chumvi.

Aliyoyaleta yeye yalikuwa mawili, na leo kila kijana wa kazi hii anayajua, lakini kwangu yalikuwa mapya. La kwanza lilikuwa funguo badala ya maneno ya siri. "Clé yako iko na pande mbili," alinieleza, ufunguo akiuita kwa Kifaransa, akiwa amekunja viganja vyake viwili na kuvitenganisha. "Moja haitoke mu machine yako, hata mama yako akuombe. Ile ingine unapatia machine zote. Ukibisha hodi, machine inaangalia kama pande zote mbili biko familia moja. Kama ndiyo, inafungua." La pili lilikuwa kuufanya mfumo ujiweke wenyewe. Kwa kawaida, ukiweka mfumo mpya kwenye kompyuta inakuuliza: lugha gani, saa za wapi, diski igawanywe vipi, mtumiaji aitwe nani. Kavira aliandika faili moja lililojibu maswali yote mapema, akalitia kwenye flashi. Ulichomeka flashi, ukaiwasha mashine, ukaketi pembeni. Na mwisho wa faili hilo, baada ya majibu yote, aliongeza maagizo ya kuweka funguo zetu. Mashine ingemaliza kuwekwa ikiwa tayari inatujua, nasi tungeweza kuingia tukiwa Kasese bila mtu yeyote kule kuambiwa neno lolote.

Mara ya kwanza haikufanya kazi. Mashine iliwaka vizuri, ikaonyesha jina lake, kisha ikatukataa sote. Tulirudia, ikakataa tena. Tulikuwa na njaa, na Kavira alikuwa ameleta chakula, sombe, yaani kisamvu, na makayabu, samaki yule wa chumvi ambaye harufu yake ilivuka mbao ikawafanya watu wa saluni waulize nani amefariki. Mimi nilikuwa na obundu wangu, ugali wa muhogo. "Hii ni fufu," akasema Kavira akimega. "Ni obundu," nikasema. Afande alitokea chumba cha pili, akanawa, akamega tonge bila kualikwa, akatafuna. "Obundu," akaamua, kama hakimu, na Kavira akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Ni katikati ya chakula hicho alipoacha kutafuna, akasema, "Nani alitengeneza ile folda?" Sikuelewa. Akaeleza, kidole chake kikichora juu ya meza: wakati mfumo unajiweka, kila kitu kinafanywa na mkubwa wa mashine, yule mwenye mamlaka yote. Kwa hiyo folda ya funguo ilikuwa mali ya mkubwa, si ya mtumiaji wetu, na mashine ikiona funguo za mtu zimekaa kwenye folda isiyo yake, inazitilia shaka na kufunga mlango. Ilitakiwa tuongeze mistari miwili: folda apewe mwenyewe, na wengine wote wafungiwe nje. Tuliiongeza mikono ikiwa bado inanuka samaki. Mashine ikafungua. Afande alisema "Sawasawa," neno ambalo kwake lilikuwa sherehe.

Faili lilikuwa na funguo tatu: wa Afande, wangu, na wa Kavira. Siku chache kabla hatujaanza kuzunguka vituoni, Afande alipigiwa simu kutoka makao makuu Kampala. Alifunga mlango wa chumba chake, lakini mlango ule ulikuwa wa mbao zilezile za saluni. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, bosi. Ni Mkongo. Ndiyo, ni mkimbizi. Hapana, hakuna kitu amefanya." Kisha, "Nimesikia." Alitoka akasimama mbele ya meza ya Kavira, mikono nyuma, kama anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. "Kavira, ufunguo yako itoke. Ibaki ya mimi na ya Masika. Watu ya nje hawaruhusiwi kuingia kwa mambo ya wagonjwa." Kavira aliuliza, "Niliharibu nini?" Afande akasema, "Hakuna." Kavira akageuza kiti chake, akafungua faili aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe, akalitafuta jina lake, akafuta mstari huo mmoja, akalihifadhi. Upande wa pili, msichana wa saluni alikuwa akiimba wimbo wa kanisani bila kujua maneno ya ubeti wa pili.

Nilikasirika kwa jinsi vijana wanavyokasirika, yaani kwa mwili mzima. Jioni hiyo Kavira alipokwisha kwenda zake, nilimwambia Afande kwamba jambo lile ni baya, kwamba mfumo huu usingekuwepo bila Kavira, na kwamba yeye Afande angeweza kukataa. Nilitegemea anifokee. Alikaa chini, akavua kofia. "Sikiliza, binti," akasema. "Mimi nimekaa jeshini. Amri kama hii, ukiikataa kwa mlango, wanakutoa, wanaleta mtu ingine. Yule hatamfuta ufunguo tu. Atamfukuza yeye mzima. Sasa yuko na kazi, anakula. Wewe ngoja." Sikuona busara yoyote katika maneno hayo. Niliona mtu mzima anayeogopa simu. Leo nina umri unaokaribia wake wa wakati ule, nimepokea simu zangu mwenyewe kutoka kwa wakubwa, na nadhani mambo yote mawili yalikuwemo ndani yake siku ile, woga na ulinzi, wala yeye mwenyewe asingeweza kukuambia moja liliishia wapi, lingine likaanza.

Tulizunguka. Hima tulilifuta lile kabati kwa petroli. Ibanda tuliwakuta vijana wa kubeba mizigo ya wapanda milima wakiota moto, wakatupisha karibu na jiko tukanywa nao chai ya tangawizi. Munkunyu tulilala nyumbani kwa Afande, na mke wake alimlisha Kavira kama mtu aliyetoka hospitali. "Ongeza, ongeza, Mama, hapa si hotelini." Kila mahali kazi ilikwenda kwa namna moja. Kavira alichomeka flashi, akaiwasha mashine, tukatazama maandishi meupe yakipanda kwenye kioo. Ilipomaliza na ikafika zamu ya kuingia, aliinuka, akageuza kiti chake, akatazama dirishani mpaka nimalize. Hakuna aliyemwambia ageuke. Nilimwambia mara nyingi, "Yaya, si lazima." Akanijibu, "Walisema nisiingie. Kuangalia wakati uko naingia, ni nini? Ni kuingia na macho." Nilijua hakusema hivyo kwa kinyongo. Alikuwa ameamua kwamba kama watu watamkosea, basi wamkosee akiwa hajawapa sababu. Wakati ule nilidhani ni unyenyekevu. Siku hizi nadhani ulikuwa ni ukali, na ukali wenyewe haukuwa mdogo.

Halafu mvua zikaja, na zilikuja vibaya. Mto Nyamugasani ulifurika ukaila barabara ya kuelekea Bwera, magari yakawa yanageuza. Wakati huohuo ng'ambo, upande wa Beni, mapigano yalikuwa yameanza tena, na watu walivuka Mpondwe na magodoro kichwani na kuku kwenye vikapu. Kavira alikuwa ameshakwenda Bwera kabla barabara haijakatika, kumsaidia Nesi Mbambu, mkuu wa kituo, kusoma karatasi za hospitali zilizoandikwa kwa Kifaransa. Radi ilipiga karibu na kituo, na asubuhi nilipofika ofisini simu yangu ilikuwa inaita. "Masika, machine imekufa," akasema Kavira. "Iko nanuka moto. Ile ya zamani ya mu store iko muzima. Niko na flashi. Naiweka?" Nikamwambia aiweke. Nilimpigia Afande, akaja mbio, shati limechomekwa upande mmoja.

Mfumo ulijiweka wenyewe, kama ulivyoandikiwa. Nilijaribu kuingia kutoka Kasese, na mashine ikanifungulia mara moja. Nilipiga makofi. Kisha mtandao ukakatika. Niliingia tena, ukakatika kabla sijamaliza amri ya pili. Ilikuwa hivyo asubuhi nzima: mlango unafunguka, sakafu inaondoka. Na kazi iliyobaki haikuwa fupi. Nakala ya kumbukumbu za wagonjwa ilikuwepo kwenye diski ndani ya kabati la Nesi Mbambu, lakini kuirudisha kulimhitaji mtu aliye ndani ya mashine kwa muda mrefu, akiongoza hatua kwa hatua. Kule Bwera uwanjani watu walikuwa wamejaa. Nesi alituambia kwa simu habari za mmoja wao, mama aitwaye Furaha, aliyekuwa akimleta binti yake Bwera kwa matibabu ya kifua kikuu tangu kabla ya vita kurudi. Walikimbia na nguo za mwilini tu. Kadi na vidonge vilibaki nyumbani, na siku zilikuwa zimepita mtoto hajameza kitu. "Mama anakumbuka rangi ya dawa peke yake," Nesi akasema. "Mimi siwezi kukisia, Afande. Dozi ya mwanzo na ya baadaye si moja, na huyu mtoto amekonda. Nahitaji kuona aliandikiwa nini."

Niliweka simu mezani, sauti ikasikika chumba kizima. Afande aliinama juu yake. "Kavira! Wewe uko mbele ya mashine. Ingia, fanya kazi!"

"Siwezi, Afande," sauti yake ikaja, imetulia. "Sina clé mule ndani."

Upande wa saluni kikaushio kilizimwa.

"Hakuna njia ingine?" Afande akauliza.

"Iko. Flashi iko mu mukono yangu, na ile faili niliandika miye. Naweza kujitia mwenyewe, nianze upya. Ao naweza kuivunja, niingie kwa nyuma, najua vile wanafanya. Lakini ulisema hapana. Nakungoja weye."

Nilimtazama Afande. Nilifikiri atachukua simu yake awapigie Kampala, na kwa kweli mkono wake ulikwenda mfukoni, ukakaa humo. Usoni pake niliona kitu ambacho sijakiona kwa wanaume wengi wa umri wake, aibu isiyotafuta wa kuiangukia. Alishika mgongo wa kiti changu kwa mkono wa pili mpaka mbao ikalia.

"Masika, ukipata dakika moja ya mtandao, unaweza kumweka?"

"Naweza. Ni mstari mmoja tu."

"Weka."

"Na Kampala, Afande?"

"Nimesema weka. Mimi ndiye nimesema. Wakikuuliza, sema hivyohivyo."

Niliandaa mstari kamili pembeni, wenye ufunguo wa wazi wa Kavira, ule upande unaopewa mashine zote, ambao nilikuwa nao kwenye mashine yangu tangu siku za mwanzo na sikuwahi kuufuta. Nikabisha. Ilifungua. Nilibandika, nikabonyeza, na mtandao ukakatika kabla ya jibu. Sikujua kama umefika au umepotelea njiani. Kwenye simu tulisikia mvua ya Bwera, mtoto akilia mbali, na vidole vya Kavira kwenye kibodi. Kisha vidole vikanyamaza. Nilidhani laini imekufa.

"Nimeingia, Afande," akasema, na sauti haikuwa imetulia tena.

"Endelea," Afande akajibu. Akatoka nje, akasimama mbele ya duka la mabati, akiiangalia milima ambayo siku hiyo ilikuwa imefichwa yote na mawingu.

Alasiri Nesi Mbambu alipiga simu kusema kumbukumbu zimefunguka na binti wa Furaha amemeza dawa yake mbele ya macho yake. Sikujua jina la mtoto, wala sikutakiwa kulijua, ila miezi mingi baadaye Nesi alinionyesha msichana mnene kidogo akiwafukuza mbuzi wa jirani kwenye uwanja wa kituo kwa matusi ya Kinande, lugha ya kwao. "Ndiye yule," akaniambia. "Amemaliza dozi yote."

Afande hakungoja aulizwe. Kesho yake aliwapigia Kampala yeye mwenyewe, na safari hii hakufunga mlango. "Mimi nilitoa amri," nilimsikia akisema. "Si yule msichana. Si Mkongo. Mimi." Akasikiliza, akasema "Ndiyo" mara nyingi, akasema "Hapana" mara moja. Waliitaka sura yake huko. Alikwenda na basi la asubuhi, akarudi baada ya siku mbili amechoka, amebeba mkate mkubwa wa mjini chini ya kwapa. Aliuweka mezani tukaukata. Nilimuuliza wamesema nini. "Wamesema mengi." Nikamuuliza kama Kavira atabaki. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kijinga. "Kwani ameenda wapi?" Kisha akavuta kiti karibu na Kavira, akavaa miwani, akamwomba alifungue lile faili la majibu. Alitaka kuona kwa macho yake mstari unavyorudi. Kavira aliuandika polepole. Afande akausoma mpaka mwisho, herufi zile ndefu zisizo na maana kwa macho, midomo ikicheza. "Wasingya," akamwambia, asante ya kwetu na ya kwao, akarudi chumbani kwake.

Miezi iliyobaki ilikuwa mizuri, na mizuri haina mengi ya kusimulia. Tulikula, tulifanya kazi, Kavira hakugeuza kiti tena. Mwaka ulipokuwa ukiisha, ile redio ya Butembo ilimtumia ujumbe kwamba wanafungua tena, na mama yake mzee alikuwa peke yake kule. Alituambia tukiwa mezani. "Mwisho wa mwezi narudi. Masika, utanitosha." Mimi kwa huzuni nikasikia neno la kwetu. "Nikutoshe na nini, Yaya?" Alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu kwao kutosha ni kutoa. "Unitoshe mu machine! Clé yangu." Afande aliweka kijiko chini. "Hapana. Mimi nilienda mpaka Kampala kwa ajili ya hiyo ufunguo. Ibaki. Siku moja utatusaidia kutoka huko." Kavira akamjibu kwa heshima, lakini hakurudi nyuma. "Afande, miye siko mutumishi tena. Mutu hatumike hapa, clé yake haikae hapa. Kama munaiacha juu munanipenda, kesho mutaacha ya mwingine juu munamusahau." Afande akachukua kijiko chake.

Tulizitoa funguo zake pamoja, Kavira na mimi, bega kwa bega. Kwanza kwenye faili la majibu, ili mashine mpya zisimjue. Kisha Hima, kisha Ibanda, kisha Munkunyu, kutoka pale mezani Kasese. Kila nilipofuta, alijaribu kuingia kutoka kwenye kompyuta yake yenye mpira wa baiskeli, akasubiri akataliwe, kisha tukaendelea na inayofuata. Siku hizi mtu akiondoka kwenye kazi ninayoisimamia, namwomba aketi nami tufanye hivyohivyo. Wengi huona ni utaratibu tu, na ni sawa waone hivyo. Bwera aliiacha ya mwisho, kwa kuwa ilikuwa njiani kwake.

Nilimsindikiza. Nesi Mbambu alitupikia chai ya maziwa na kutusogezea viti karibu na ile mashine ya zamani ya stoo, ambayo bado ilikuwa inafanya kazi. Niliingia, nikautafuta mstari wake, nikaufuta. Kavira alivuta kompyuta yake mapajani, akabisha. Kioo kikampa mstari mmoja mfupi.

"Inasema nini?" Nesi akauliza.

"Inasema sina ruhusa."

"Banange!" Nesi akakasirika kwa kweli, akaipiga mashine kofi ubavuni. "Haina shukrani hii! Wewe ndiye uliiamsha!"

Kavira alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akabisha tena ili awe na hakika. Ikamkataa tena. Akafunga kifuniko, akakibana kwa mpira wake, akanigeukia.

"Umefanya muzuri, mudogo yangu," akasema. "Sasa unaweza kubaki peke yako."